Moshi wa Steubenville na Hewa ya Portage

Mto Ohio, unapoiacha nchi ya Pennsylvania na kuanza kuwa mpaka baina ya jimbo la Ohio na jimbo la West Virginia, hupita katika bonde jembamba lililobanwa na vilima pande zote mbili, na katika bonde hilo, kwa muda uliopita nusu karne, binadamu walikusanya karibu kila kitu kiwezacho kutoa moshi: makaa ya mawe yaliyochimbwa katika vilima vyenyewe, matanuri ya kuyeyushia chuma, matanuri ya kuokea makaa yatumikayo katika chuma hicho, na baadaye vituo vikubwa vya umeme ambavyo navyo chakula chao kilikuwa makaa yale yale. Mji wa Steubenville ulikuwa kitovu cha shughuli hizo. Mwaka 1940 ulikuwa na wakazi zaidi ya 37,000, aghalabu yao wakipata riziki kwa chuma au kwa kuwauzia vitu wafua chuma, na mwimbaji Dean Martin, aliyezaliwa hapo mwaka 1917, ni mmoja tu wa vijana wengi waliokulia chini ya anga hilo la rangi ya majivu. Mbali kabisa na hapo, katika jimbo la Wisconsin, uko mji mdogo wa Portage, uliozungukwa na mashamba na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Lau si wanachuoni wachache wa Chuo Kikuu cha Harvard, sidhani kama miji hii miwili ingalipata kutajwa pamoja na mtu yeyote.

Wanachuoni hao, na miongoni mwao matabibu Benjamin Ferris na Frank Speizer waliokuwa waasisi wa kazi, walianza mwaka 1974, wakati ambapo nchi za Kiarabu zilikuwa zimezuia mafuta yao na Wamarekani wakaingiwa na hofu kwamba taifa lingerudi kwa kishindo katika kuchoma makaa ya mawe. Swali lao lilikuwa jepesi kulisema na zito kulijibu: je, mtu aishiye miaka mingi katika hewa yenye moshi wa kadiri, moshi usioua papo kwa papo wala usiomzuia mtu kwenda kazini, hupungukiwa na kitu katika umri wake? Walichagua mahali sita. Steubenville na Portage nimekwisha kuzitaja. Nyingine zilikuwa St. Louis katika Missouri, Topeka katika Kansas, Watertown katika Massachusetts, na vijiji-miji viwili jirani vya Kingston na Harriman katika Tennessee vilivyohesabiwa kuwa kimoja. Waliandikisha watu wazima 8,111, wote wazungu, jambo ambalo ni kasoro ya zama zile na halifai kufichwa, wakawauliza habari za tumbaku, kazi na elimu, wakawapima nguvu ya pumzi, wakatundika vyombo vya kupimia hewa, kisha wakafanya lile ambalo serikali na magazeti hayaliwezi, nalo ni kungoja.

Yafaa kueleza kilichokuwa kikipimwa, kwa sababu jina la vumbi hudanganya. Halikusudiwi hapa lile vumbi la barabara ya udongo, ambalo jicho huliona, pua hulizuia na kikohozi hulitoa. Zinakusudiwa chembe zisizozidi upana wa maikroni 2.5, ilhali unywele mmoja wa kichwa cha mtu una upana wa maikroni 70 hivi. Chembe za udogo huo hupita puani na kooni bila ya kuulizwa, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu ambamo damu hupokea hewa, na huko huamsha uvimbe ambao athari yake haikomei katika mapafu bali huufikia moyo na mishipa yake. Baadhi yake ni masizi yaliyotoka moja kwa moja katika moto. Nyingine, na huenda zikawa nyingi zaidi, hazikutoka katika dohani yoyote zikiwa chembe. Zilitoka zikiwa gesi ya salfa au ya nitrojeni, zikasafiri angani siku kadhaa, zikageuka asidi, zikakutana na amonia itokayo katika samadi na mbolea, ndipo zikawa vumbi. Msomaji na alishike jambo hili, maana ndilo lililoivuruga mipaka yote ya mahali penye viwanda na mahali pasipo viwanda.

Kabla ya hapo, dunia ilikuwa ikijifunza habari za moshi kwa misiba. Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji, ukungu ulifunika viwanda kwa siku chache wakafa watu zaidi ya 60. Oktoba 1948, katika mji wa Donora, Pennsylvania, si mbali na Steubenville, hewa baridi ililala juu ya bonde kama kifuniko na kuuzuia moshi wa kiwanda cha zinki na cha chuma usipande. Watu 20 walikufa na maelfu wakaugua katika mji wa watu 14,000 tu. Desemba 1952 ikawa zamu ya London, ambako waliokufa katika siku zile na majuma yaliyofuata walihesabiwa kuwa 4,000, na hesabu za baadaye zikaifikisha idadi hiyo kwenye 12,000. Misiba hiyo ilizaa sheria, na sheria zilizaa nafuu. Walakini ilizaa pia dhana potofu kwamba moshi uuao ni ule wa siku tano za giza, na kwamba giza likishaondoka hatari nayo imeondoka. Matabibu wa miaka ya sitini na sabini waliokuwa wakishuku dhana hiyo hawakuwa na burhani mkononi.

Burhani ilitolewa Desemba 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine, chini ya jina la Douglas Dockery, pamoja na C. Arden Pope na wenzao. Watu wale walikuwa wamefuatwa kwa miaka 14 hadi 16. Wastani wa vumbi laini katika Portage ulikuwa maikrogramu 11.0 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na katika Steubenville 29.6, na baada ya kuwekwa kando tofauti za uvutaji wa tumbaku, unene wa mwili, elimu na kazi, uwezekano wa kufa kwa mtu wa Steubenville ulionekana kuwa mkubwa kwa asilimia 26 kuliko wa mwenzake wa Portage. Tena miji mingine minne haikutawanyika ovyo katikati ya hiyo miwili, bali ilijipanga karibu na mstari ulionyoka, kila mmoja mahali ambapo vumbi lake liliustahilisha kuwa. Baadhi ya vipimo vingine vya hewa, kama ozoni, havikufuata mpango huo. Kilichofuata mpango kilikuwa vumbi laini, ambalo sheria ya Marekani wakati huo ilikuwa haijalitambua hata kwa jina.

Mimi, hata hivyo, kila nikiitazama orodha ile ya miji sita, jicho langu haliendi Steubenville wala Portage. Huenda kwa Kingston na Harriman. St. Louis ulikuwa mji mkubwa wa viwanda, wa reli, wa magari, wa viwanda vya pombe na vya kemikali, na wastani wake ulikuwa 19.0, ilhali vijiji-miji vile viwili vya Tennessee, vilivyokaa katika bonde la kijani ambalo mgeni angeliandikia barua ya sifa, vilikuwa na 20.8. Msafiri angeambiwa achague pa kuishi kwa ajili ya afya ya mapafu yake, bila ya kipimo chochote isipokuwa macho, angekwenda Harriman na angekosea. Hapo jirani kilisimama kituo cha umeme cha Kingston, ambacho kilipomalizika mwaka 1955 kilikuwa kikubwa kupita vyote duniani vilivyochoma makaa, na ambacho katika miaka ya sabini kilijengewa dohani mbili za urefu wa mita zipatazo 300.

Kadhia ya dohani hizo ndefu imesahauliwa upesi mno. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliyalazimisha majimbo kuhakikisha kwamba hewa ya karibu na ardhi, mahali vilipo vipimo, haipiti kiwango cha uchafu kilichowekwa. Wenye vituo vya umeme waliisoma sheria hiyo kwa makini kuliko walioitunga. Badala ya kuondoa salfa katika moshi, kazi iliyohitaji mitambo ya kuusafisha kwa maji ya chokaa na gharama kubwa, wengi waliona ni rahisi kuurefusha mdomo wa dohani hadi juu ya tabaka la hewa ya bonde, ili upepo wa magharibi uuchukue moshi na vipimo vya mjini vionyeshe hewa njema. Vikaonyesha. Mwaka 1977 Baraza la Kongresi liliuziba mlango huo kwa kukataza urefu wa dohani usihesabiwe kuwa ni usafi, lakini dohani zilikuwa zimekwisha kusimama, na salfa iliyotoka Ohio na Tennessee ilikuwa ikishuka ikiwa mvua ya asidi juu ya maziwa ya milima ya Adirondack katika jimbo la New York, na ikiwa vumbi laini katika vifua vya watu wa New England ambao hawakuwahi kuajiri mfua chuma hata mmoja. Dawa waliyopewa watu wa penye viwanda ilikuwa ndiyo maradhi ya watu wa pasipo viwanda.

Kwa sababu hiyo siwezi kuzisoma takwimu za mwelekeo wa miaka mingi kama wazisomavyo wale wanaogawa nchi katika mafungu mawili, la viwanda na lisilo na viwanda, kisha wakafurahi kuona mistari miwili ikikaribiana. Kukaribiana ni kweli. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1990 yaliweka ukomo wa salfa kwa vituo vyote vya umeme kwa jumla, haidhuru dohani ina urefu gani, na kila kituo kikapewa vibali vinavyoweza kuuzwa na kununuliwa; wengine wakajenga mitambo ya kusafisha moshi, wengine wakaagiza kwa treni makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming, na baada ya mwaka 2008 gesi ya bei nafuu ikayafukuza makaa yenyewe sokoni. Salfa ya vituo vya umeme, iliyokuwa zaidi ya tani milioni 15 mwaka 1990, ilikuwa chini ya tani milioni moja mwaka 2020. Wastani wa vumbi laini nchini humo umepungua kwa kiasi cha asilimia 40 tangu mwaka 2000. Ni tendo kubwa la utawala, na sijui kama kizazi chetu kinalo jingine la kulilinganisha nalo katika mambo ya afya ya umma.

Lakini katika Steubenville haikuwa sheria peke yake iliyofanya kazi. Viwanda vya chuma vilidhoofu, vikafungwa kimoja baada ya kimoja, na wakazi waliohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 18,000 hivi, nusu ya waliokuwapo siku za moshi. Hewa iliyosafishwa kwa sheria na hewa iliyosafishwa kwa ukosefu wa kazi huonekana sawa katika chombo cha kupimia, ilhali kwa mwenye nyumba aliyeshindwa kulipa kodi hazifanani hata kidogo, na mwandishi anayezichanganya ili kusifu maendeleo ana deni kwa watu wa bonde lile. Na ingawa ni hivyo, matabibu walipowarudia watu wale wale na kuzijumlisha hesabu hadi mwaka 1998, waliona kwamba vifo vilipungua zaidi katika miji ambayo vumbi lake lilipungua zaidi. Walipozifikisha hadi mwaka 2009, vumbi likiwa limeshuka mahali pengine hadi maikrogramu 8, mstari ulibaki umenyoka, wala hawakuona mahali ambapo chini yake vumbi huacha kudhuru. Portage ya miaka ya themanini, iliyotumiwa kuwa mizani ya usafi, ilikuwa na 11. Kikomo cha wastani wa mwaka kilichotangazwa na serikali ya Marekani mwaka 2024 ni 9, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linashauri 5.

Hoja ya kwamba huenda kiuacho ni umaskini, au tumbaku, au kazi ngumu, wala si vumbi, iliwaudhi watafiti kwa miaka mingi, na si hoja ya upuuzi. Jibu bora kwayo, kwa maoni yangu, halikutoka Harvard bali lilitoka kwa ajali ya mgomo. Katika Utah, karibu na mji wa Provo, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma kiitwacho Geneva, katikati ya jamii ya Wamormoni ambao dini yao inawakataza tumbaku. Agosti 1986 kiwanda kilisimama kwa ugomvi wa kazi, kikabaki kimya kwa miezi 13, kisha kikafunguliwa tena. Arden Pope, aliyekuwa mwalimu wa uchumi katika chuo cha hapo hapo, alikwenda kuangalia madaftari ya hospitali, akaona kwamba katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa kikifanya kazi, watoto waliolazwa kwa bronkaiti na pumu walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira kiwanda kilipozimwa. Watu ni wale wale, dini ni ile ile, milima ni ile ile.

Kiwanda cha Geneva kilifungwa kabisa mwanzoni mwa karne hii na mahali pake pakajengwa nyumba na maduka. Hata hivyo mwaka 2009 Provo ilitangazwa rasmi kuwa miongoni mwa sehemu zisizotimiza kiwango cha vumbi laini, kwa sababu majira ya baridi hewa bado huzibwa kati ya milima, na sasa kinachozibwa ni moshi wa magari uliochanganyika na amonia ya mashamba. Upande mwingine, katika majimbo ya magharibi, moto wa misitu umeanza kuzifuta faida za sheria. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba moshi wa moto huo umekula kama robo ya maendeleo yaliyopatikana tangu mwaka 2000. Mwaka huo huo, mwezi Juni, misitu ya Kanada iliwaka na anga ya New York ikawa ya rangi ya chungwa. Mahali palipokuwa safi kwa kuwa hapana viwanda ndipo pamekuwa chanzo, na hapana mwenye dohani wa kushtakiwa.

Mashtaka yalipowezekana, hayakukosekana. Serikali ilipoweka kiwango cha kwanza cha vumbi laini mwaka 1997, wenye viwanda walidai wapewe daftari zima la watu 8,111, na Harvard ikakataa kwa kuwa watu wale waliahidiwa siri. Mwishowe daftari lilikabidhiwa taasisi ya Health Effects Institute ya Boston, ambayo gharama zake hulipwa nusu na serikali na nusu na watengenezaji wa magari, na wanahesabu wake, wakiongozwa na Daniel Krewski wa Kanada, walizirudia hesabu zote na mwaka 2000 wakatangaza kwamba zilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilikubali kwa kauli moja kwamba kiwango cha afya kiwekwe kwa kuangalia afya, si gharama. Ugomvi wa daftari ulifufuliwa tena mwaka 2018. Yamkini utafufuliwa mara nyingine.

Kwetu Afrika ya Mashariki ugomvi kama huo haujaweza kutokea, kwa kuwa hatuna daftari la kugombania. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2015 kazi iitwayo AirQo, ya kuunda vipimo vya bei nafuu na kuvitundika mitaani, na hata juu ya bodaboda za Kampala, na hiyo ni habari njema. Lakini miaka kumi ni mwanzo tu kwa jambo ambalo Wamarekani walihitaji karibu miaka ishirini ya kungoja kabla ya kusema neno la kwanza. Vipimo vya balozi za Marekani, kama vile vya Kampala na Addis Ababa, ambavyo kwa miaka kadhaa vilikuwa tegemeo la watafiti wetu, viliacha kutoa takwimu zake kwa umma Machi 2025.

Na yako mafunzo mengine katika kazi ile ya miji sita ambayo hutajwa kwa nadra, nayo yanatuhusu kuliko habari za chuma. Mtaalamu wa hewa John Spengler hakuridhika na vipimo vya nje. Alivipeleka majumbani, na akaona kwamba katika miji safi kama Topeka na Portage hewa ya ndani ya nyumba ilikuwa mara nyingi chafu kuliko ya nje, hasa kwa sababu ya sigara: mvutaji wa pakiti moja kwa siku aliiongezea nyumba yake maikrogramu 20 hivi. Sigara ni moto mdogo. Katika nyumba nyingi mno za Tanzania na Kenya, pwani na bara, moto uliomo ndani ni wa kuni na mkaa, huwashwa alfajiri, mchana na magharibi, na anayeinama juu yake ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali ya Tanzania imetoa mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na siku moja mtu atauliza kama ulifaulu na umeokoa roho ngapi. Ili ajibiwe, vyombo vitapaswa viwe vimekwisha kutundikwa sasa, si Keko na Chang'ombe za Dar es Salaam penye viwanda tu, bali katika majiko ya vijiji ambavyo havijapata kuona dohani. Kwa maana kipimo kilichokuwa juu ya paa la ubalozi hakikuweza kuuona moshi wa jikoni hata siku kilipokuwa kikifanya kazi.